Kamera Aliyoiapia Mahfoudh

Mtu mwema akisikia msiba wa mwenziwe husikitika. Mahfoudh akisikia msiba wa mwenziwe huuliza kwanza: una ukubwa gani, na umewafika wenye uwezo?

Asubuhi ile alikuwa barazani Mkunazini, kikombe cha kahawa mkononi, kashata ya pili mdomoni, na muuza kahawa anahadithia. Ilikuwa harusi ya watu wakubwa wa Vuga. Ukumbini wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, nywele zimeachwa wazi, biharusi kakalishwa juu kwenye kiti chake. Mmoja wao kapiga picha kwa simu, kampelekea dada yake Maskati. Dada kampelekea wifi yake. Wifi naye hakutaka kula peke yake. Kabla ya adhuhuri sura ya biharusi ilikuwa imeshafika kwa wauza samaki wa Darajani, nao wameipitisha meza kwa meza. Wa mwisho kuiona alikuwa bwana harusi.

"Ndoa ikavunjika?" aliuliza Mahfoudh, sauti imejaa huruma.

"Haikuvunjika, lakini mama mtu hatoki nje. Na sasa kila harusi simu zinatiwa kapuni mlangoni. Wapiga picha nao hawatakiwi. Watu wanaoza binti zao bila ya picha hata moja, yakhe. Wanalia."

Mahfoudh aliweka kikombe chini polepole. Mama wenye pesa, wenye binti wazuri, wanaotaka picha na wanaoogopa picha. Alihisi kitu kinamtekenya nyayoni, na kila kitu hicho kikimtekenya, mtu mmoja mjini lazima alale na hasara.

Tusimdhulumu. Mahfoudh hakuwa mwizi, na neno hilo lilimuudhi kwelikweli. Mwizi huchukua, yeye alikuwa anapewa. Wataliani walimpa walipokwenda kuiona nyumba aliyozaliwa mfalme, ambayo ilikuwa nyumba ya shangazi yake. Wadachi walimpa kwa mchanga wa Nungwi uliokuwa ukiponesha viungo. Alikuwa mtu mzuri wa umbo, kanzu imepigwa pasi, ulimi umepakwa samli, na katika maisha yake yote hakupata kupanga chumba kisicho na mlango wa uani.

Mali yake ya halali ilikuwa moja tu, kamera ya dijitali. Aliuza vespa yake akainunua ili awapige picha wazungu wa Paje, akafika Paje akakuta wazungu wana zao. Ilikuwa kamera ghali, ya wale mafundi wa siku hizi wanaotengeneza kitu kipya na kukivisha sura ya kizamani: ngozi nyeusi, madini meupe, vifungo vya kuzungusha. Ukikifunika kioo chake cha nyuma, utaapa ni ya enzi za babu yako. Na kazi ya kuapa Mahfoudh hakuwa na haja ya kufundishwa.

Alianzia Hurumzi, kwa Bi Tahera, mjane wa Tayabali mpiga picha. Studio ilikuwa imefungwa zamani, marehemu kazikwa, na vyombo vyake vimejaa vumbi chini ya ngazi.

"Shikamoo, Bi Tahera."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuonea huruma, bibi yangu." Aliinua kamera ya Tayabali, akaitikisia kichwa kama daktari juu ya mgonjwa asiye na matumaini. "Filamu imekufa, Mungu airehemu. Dunia nzima sasa dijitali. Haya ni machuma chakavu tu, yanakuleteeni kutu nyumbani. Mie nitakuondosheeni."

"Marehemu akiipenda hiyo kuliko mimi," alisema Bi Tahera.

"Ndiyo maana nakuonea huruma."

Akampa pakti ya sukari na kopo la majani ya chai. Akachukua kamera, mabeseni ya kusafishia picha, taa nyekundu ya chumba cha giza, na kijisanduku cha roli za filamu zilizokaa miaka bila ya kutumika. Bi Tahera aliitazama sukari, akamtazama yeye.

"Haya," alisema. "Biashara haigombi."

Aliyebakia sasa ni fundi, kwani mwanamme hapiti mlango wa ukumbi wa wanawake hata akiwa na ulimi wa samli. Fundi alikuwa Ulfat, msichana wa mtaani kwake aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la picha za pasipoti pale Michenzani. Ulfat na programu ya kuediti picha walikuwa damu moja. Nusu ya watu waliosafiri kutoka Unguja walisafiri na nyuso alizozitengeneza yeye: vipele vimeondoka, mashavu yamejaa, ukuta wa nyuma ulioliwa na chumvi umegeuka mweupe pee.

Mahfoudh alimfungulia laptopu aliyopewa na Wataliani, akamtolea picha ya shangazi yake aliyoipiga jana.

"Tia chembechembe," alimwambia. "Zaidi. Sasa umanjano kidogo. Sasa vumbi."

"Vumbi?"

"Na mkwaruzo mmoja pembeni."

"Watu wananilipa nipunguze vumbi," alisema Ulfat, "wewe unataka niongeze."

"Picha ikichafuka kidogo watu huiamini. Ikisafika sana wanaidhania uongo."

Ulfat alibofya mara mbili tatu, na picha ikazeeka miaka arubaini, shangazi mwenyewe akabaki vile vile. Ungeapa ni ya filamu. Mahfoudh alikaribia kulia.

"Na fungu langu?" aliuliza Ulfat.

"Wewe si mfanyakazi, Ulfat. Wewe ni mshirika."

Ulfat alishawahi kuwa mshirika wake, katika biashara ya sabuni ya mwani, na alichokula huko kilikuwa subira kavu.

"Na ukishapiga," aliendelea Mahfoudh, "picha zote zitie kwenye laptopu hii. Mie nitazipitia, nichague zilizo nzuri."

Vidole vya Ulfat vilisimama. "Wewe? Hizo picha za wanawake, na vichwa wazi."

"Jicho la fundi halina dhambi."

Ulfat alimtazama kidogo, akaufunga mfuniko wa laptopu, akaaga.

Biharusi alipatikana upesi. Bi Maha wa Shangani, mwenye nyumba mbili za wageni na ulimi wa kuziendesha zote mbili bila ya meneja, alikuwa anamuoza binti yake Alia. Wakwe walikuwa watu wa Maskati, na Bi Maha alitaka wajue kuwa Unguja nako kuna watu. Alitaka picha, lakini pia alitaka kulala usingizi.

"Dijitali ndiyo iliyowaua watu, Bi Maha," alisema Mahfoudh, kakaa kwenye ncha ya kiti kwa adabu. Jana yake tu alikuwa amesema filamu ndiyo iliyokufa, lakini maiti huwa na desturi ya kubadilishana akiwapo yeye. "Dijitali ni mdomo usiofungika. Ukiipiga, wameshajua Maskati. Filamu ina heshima zake. Inakaa ndani ya kamera gizani, haina pa kwenda. Hapana wasapu, hapana wifi wa mtu. Picha zinatoka kwenye karatasi, na filamu yenyewe nakutia mkononi."

Akaitoa kamera ya Tayabali, akaifungua mgongo, akamwonesha pahala inapokaa filamu. Bi Maha akatia kidole ndani.

"Na huna kamera nyengine?"

"Wallahi, Bi Maha. Kamera yangu ni hii, na nyengine sina. Hata kompyuta sijui kuiwasha."

"Na nani atakayezisafisha?"

Hapo Mahfoudh alikwama kidogo. Hakuwa amelifikiria.

"Zamani," alisema Bi Maha, "picha za wanawake zikisafishwa na mwanamke. Mwanamme hazitii jicho. Au umri wako hukuyakuta hayo?"

"Atasafisha Ulfat, huyo huyo mpigaji. Mie hata chumbani siingii."

"Basi roli nitaishika mie tangu pale ukumbini. Siku ya kusafisha nitakuja nayo mwenyewe, nikae mlangoni."

Mjanja wa kawaida angetokwa na jasho. Mahfoudh alitabasamu, kwani mlango umekuja wenyewe.

"Karibu sana. Sharti langu ni moja tu. Fundi akishaingia, mlango haufunguliwi mpaka atoke mwenyewe. Filamu ikiona mwanga imeungua, na harusi haipigwi mara mbili. Hata mie nikitaka kuingia, nizuieni."

Hilo neno la mwisho alilitia kwa nakshi tu. Bi Maha alilipenda. Akamtolea arubuni, na Mahfoudh akaenda moja kwa moja kuchorewa kibao: STUDIO MAHFOUDH, FILAMU HALISI. Kazi hii ikitoka vizuri, alijisemea, kila mama mwenye binti baina ya Malindi na Kilimani atakuja kumpigia hodi. Ikitoka vibaya, hapana baraza hata moja ya mjini itakayompa kikombe cha kahawa. Na kamera ilikuwa ndiyo kila alichonacho.

Siku ya harusi shangazi wa Alia alisimama mlangoni na kapu la simu, akimpekua hata bibi yake biharusi. Ulfat alipofika, shangazi akaufungua mkoba, akaiona kamera ya ngozi nyeusi na vifungo vya kuzungusha, ile ya dijitali, kioo kimefunikwa kwa kipande cha ngozi. "Lo, kama ya marehemu baba," alisema, akampisha. Mahfoudh alikuwa ng'ambo ya barabara, anakula embe mbichi ya pilipili, anasikiliza ngoma na vigelegele na kuhesabu nyumba zenye binti.

Ilipomalizika, Ulfat alitoa mkobani roli moja ya filamu, kutoka kwenye kijisanduku cha Bi Tahera, akamkabidhi Bi Maha mbele ya watu. Bi Maha akaifunga pembeni mwa leso yake, akaitia kifuani, pahala ambapo Mahfoudh hakuwa na njia ya kuifuata wala haja. Picha za kweli zilikuwa kwenye kadi ndani ya kamera.

"Kadi iko salama?" alimuuliza Ulfat njiani.

"Iko salama kabisa," alisema Ulfat, na kusema kweli hakudanganya.

Siku ya kusafisha ilikuwa siku ya pili, baada ya alasiri. Mahfoudh alikuwa amepanga vyumba viwili Kiponda, kimoja nyuma ya chenziwe. Cha ndani kilikuwa na mlango wa kutokea kichochoroni, ambao ameugongomea blanketi ili mwanga usipenye. Akapanga mabeseni sakafuni, akayatia siki ili panuke kazi ya filamu, na kamera ya Tayabali akaiweka mezani ionekane. Akawasha taa nyekundu. Laptopu, mashine ya kuchapia picha aliyoinunua kwa arubuni, na kamera ya dijitali akavificha chini ya meza, nyuma ya kitambaa. Ulfat ataingia, atatia chembe na vumbi, atachapa, atazirovya karatasi maji kidogo, atatoka nazo zinachuruzika. Mpango ulikuwa mzuri kiasi cha kumtia huzuni kwamba hakuna wa kumsimulia.

"Hodi."

"Karibuni, karibu—" alisema Mahfoudh, na neno likamfia mdomoni. Nyuma ya Bi Maha alikuwa Bi Tahera, mjane wa Tayabali, na kikapu chake mkononi.

"Nimemwomba anisindikize," alisema Bi Maha. "Harusi yangu mie, yeye ndiye aliyezisafisha picha. Mumewe marehemu hakuzitia jicho."

"Shikamoo, Bi Tahera," alisema Mahfoudh.

"Marahaba, mwanangu. Sukari yako tamu."

Bi Maha akafungua pembe ya leso, akampa Ulfat roli. Ulfat akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Wanawake wawili wakakaa mbele ya mlango huo, na Mahfoudh akakaa pembeni, kaweka mikono juu ya magoti kama mwanachuoni.

Baada ya muda mashine ya kuchapia ikaanza kukoroma ndani. Mahfoudh akakohoa.

"Nini hiyo?" aliuliza Bi Maha.

"Mashine ya kukamulia filamu. Lazima ikamuliwe."

"Sisi hatukuwa na ya kukamulia," alisema Bi Tahera.

"Mambo yameendelea, Bi Tahera."

"Mie uliniambia yamekufa."

"Yamefufuka."

Bi Tahera alitikisa kichwa polepole, kama anayemshukuru Mungu kwa habari hiyo.

Mashine ikanyamaza. Halafu ikasikika sauti ya misumari inang'oka, mmoja mmoja, na kitu kizito cha kitambaa kinaanguka.

"Na hiyo?"

"Anatundika picha zikauke," alisema Mahfoudh, lakini safari hii hata yeye hakujiamini. Misumari ile aliijua, aliigongomea mwenyewe. Na mara akasikia mlio aliokuwa akiujua kuliko sauti ya mamake, mlio wa mlango wa uani unaofunguliwa na mtu asiyetaka usikike.

Akainuka. "Ulfat!"

Hakukuja naam.

"Kaa, usimshughulishe fundi," alisema Bi Maha.

"Nataka kumtazama tu, mara moja."

Bi Maha alikuwa keshasimama, kausogeza mgongo wake mpana juu ya mlango. "Filamu ikiona mwanga imeungua."

"Nitaufungua kidogo."

"Ulisema nikuzuie. Mie mtu wa ahadi."

"Bi Maha, mle ndani kuna—"

"Kuna nini?"

Mahfoudh alifungua mdomo. Mle ndani kulikuwa na kamera ya dijitali, mashine na laptopu, yaani vespa yake, arubuni yake na maisha yake, na hata kimoja hakikuwa na ruhusa ya kuwepo. "Kuna siki," alisema mwishowe. "Nachelea isimdhuru."

"Siki haimdhuru mtu," alisema Bi Tahera. "Kaa, mwanangu."

Akakaa. Wazee wamesema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema kama ataingia kwa miguu yake, akiwa amevaa kanzu mpya, na kukaa kitini kusubiri maji. Mara mbili zaidi aliinuka, na mara mbili Bi Maha alimkumbusha heshima za filamu. Jasho lilimpita mgongoni.

Hatimaye simu ya Bi Maha ikalia.

"Alia? Imefika? Umezitazama zote? Alhamdulillahi." Akaitia simu mkobani, akasogea pembeni. "Sasa fungua."

Mahfoudh akaufungua. Blanketi liko chini, mlango wa uani uko wazi, jua la jioni limejaa chumbani na linaipiga taa nyekundu mpaka haionekani kama inawaka. Chini ya meza hapana laptopu, hapana mashine, hapana kamera ya dijitali. Juu ya meza kulikuwa na kitu kimoja tu, kamera ya Tayabali, imepanguswa vizuri.

"Nimeibiwa," alisema Mahfoudh. "Kaniibia kamera yangu."

"Si hii hapa?" alisema Bi Maha.

"Si hii. Yangu ni…"

"Ni ipi? Uliniapia mbele ya uso wangu, kamera yako ni hii na nyengine huna. Au uliapa uongo?"

Mahfoudh aliitazama kamera. Kamera nayo ilimtazama kwa jicho lake moja.

"Na laptopu," alijaribu, kwa sauti ndogo.

"Laptopu? Wewe si hata kuiwasha hujui? Basi twende polisi sote, ukawaeleze ulikuwa unasafisha filamu na laptopu. Mie nitakuja kushuhudia."

Mahfoudh akaliokota blanketi, akalikunja.

Bi Maha hakuwa na haraka ya kumwonea huruma. Asubuhi baada ya harusi alikuwa ameipeleka roli kwa Bi Tahera amsafishie yeye, kama zamani, kwani msichana wa Michenzani ni mgeni na Bi Tahera ni wa nyumbani. Bi Tahera akaigeuza roli, akakuta juu yake alama ya rangi ya kucha, nyekundu.

"Nikizitia alama mwenyewe," alisema Bi Tahera sasa, "zile za harusi za wanawake, nisije nikazichanganya na za mume wangu. Ilikuwa yetu. Haijapigwa hata picha moja, na imeharibika kabla ya huyu Alia kuzaliwa."

"Nikamwita Ulfat," alisema Bi Maha. "Akanambia yote. Akanambia na jicho la fundi lisilokuwa na dhambi. Picha za binti yangu zipite mbele ya jicho lako, Mahfoudh? Kumbe kadi ni moja, haina mwenziwe, tangu ukumbini ilikuwa mkobani mwake, picha chache zilizotaka kuchapwa kazichapa, na sasa hivi kaitia mkononi mwa Alia mwenyewe. Filamu yako wewe ilikuwa lazima ionwe na mtu. Hii dijitali haikuonwa na mwanamme yeyote." Akajitanda buibui lake. "Ulfat atakuwa fundi wetu sasa, na vyombo ni ujira wake. Arubuni nakusamehe, iwe sadaka."

Katika mambo yote ya siku ile, hilo la sadaka ndilo lililomchoma zaidi.

Bi Tahera alibaki nyuma kidogo. Akaingiza mkono kikapuni, akatoa pakti ya sukari na kopo la majani ya chai, akaviweka mezani karibu na kamera.

"Filamu imekufa, mwanangu," alisema kwa upole. "Hilo ni chuma chakavu tu, litakuletea kutu nyumbani. Nikuondoshee."

Mahfoudh hakutaka tena kukiona kile kitu maisha yake. Akamsukumia. Bi Tahera akaifunga kamera kwenye khanga, akailaza kikapuni kama mtoto, akaenda zake. Mlangoni akageuka.

"Mjukuu wangu Fayaz yuko London. Nilimpelekea picha ya kamera hii zamani, kabla hujaja. Juzi ndio kanijibu. Anasema kuna Mjerumani anazitafuta za namna hii, na bei atakayoitoa unanunua vespa mbili." Akafikiri kidogo. "Na mafuta yake."

"Bi Tahera, ngoja."

"Biashara haigombi, mwanangu."

Nyayo zake zikapotea kichochoroni. Mahfoudh akabaki na taa nyekundu, mabeseni ya siki, na kibao kipya kilichosema FILAMU HALISI. Akalitwaa kopo la majani ya chai, akalitikisa. Lilikuwa nusu.